Glavu za Mkono wa Kulia

Kambini, 9 Januari 1996

Baba, shikamoo.

Nimefika salama. Begi nalo limefika salama, ila chupa ya mafuta ya nywele ilifunguka njiani, kwa hiyo soksi zangu zote zinanukia saluni. Mpe Mama shikamoo yangu. Pacha waambie kitanda changu wakilalie kwa zamu, si kwa ngumi, na atakayegusa kalamu zangu za rangi nitamjua tu nikirudi.

Baba, huku ni raha! Uwanja una mashimo kumi na nane, na nyasi zake utadhani zimepigwa pasi. Tuko wasichana kumi na wanne, tunalala wawili wawili. Mwenzangu nimempa jina la Kinanda, kwa sababu akikoroma anatoa sauti tatu tofauti. Ni mtu mzuri na anapiga mpira mbali kuliko sisi sote. Mwisho wa Machi tutacheza siku tatu, mipigo ijumlishwe, na wanne watakaotumia mipigo michache ndio watakaopanda ndege kwenda kwenye mashindano ya nchi kumi na mbili. Wanne tu!

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Siku ya kwanza Kocha alitupanga mstari, kila mmoja apige mipira mitano. Mimi nilipiga mmoja. Kocha akaja, akainama, akaikodolea macho mikono yangu, kisha akawaita wenzangu wote waje waone.

"Mkono wa kulia juu, wa kushoto chini," akasema. "Huu ni mshiko wa kinyume. Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Na baba yako anafanya kazi gani?"

"Ni mwalimu wa gofu klabuni. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Walicheka, Baba. Kinanda alicheka mpaka akakaa chini. Kocha akaniambia nina mpaka mwisho wa Machi niwe nimegeuza mikono kama watu wengine. Nikishika kinyume siku za mchujo, atanifuta jina.

Nilijua siku zote kwamba nashika tofauti na wanachama wa klabu, lakini mpira ukienda unakoutuma, nani anauliza? Sasa nauliza. Wewe umegeuza mikono ya mamia ya watu, hata yule Daktari wa Meno asiyefundishika. Mbona mimi hukunirekebisha?

Mwanao,
Kifungua Mimba

*

Nyumbani, 23 Januari 1996

Marahaba, mwanangu, marahaba tena na tena!

Barua yako imesomwa hapa mara nne. Ya kwanza kwa sauti, mezani, nikiwa nimesimama. Ya pili alisoma Mama yako kimya kimya na kalamu nyekundu mkononi, maana mwalimu wa shule ya msingi hata akiwa nyumbani yuko kazini. Ya tatu walisoma pacha, wakitafuta walipotajwa wao, wakatoka wamenuna. Ya nne nimesoma peke yangu dukani, kati ya gundi na raba za kushikia fimbo, mlango nikiwa nimeufunga.

Wanne watapanda ndege! Nimemwambia mkata nyasi. Nimemwambia muuza magazeti. Karani wa posta ameniomba kwa heshima zote nisimwambie tena. Nikipanda baiskeli asubuhi najikuta napiga kengele bila mtu yeyote njiani.

Hapa sote wazima. Pacha mmoja ameng'oka jino, na wa pili sasa anashinda akilivuta la kwake lililo zima ili asiachwe nyuma. Mama yako ana darasa la watoto hamsini na tatu, na anasema wote hamsini na tatu kwa pamoja hawampi kazi kama ninayompa mimi. Saa saba mchana bado natundika kile kibao changu mlangoni: "Nimekwenda kula na watu wangu. Narudi saa nane." Juzi Katibu wa klabu amelalamika tena. Anasema klabu kubwa hazifungi duka mchana. Nikamwambia klabu kubwa hazijaonja mapishi ya mke wangu. Akakohoa, akaondoka.

Daktari wa Meno ameweka historia. Jumamosi nilisimama nyuma yake kama kawaida, maana mwalimu husimama nyuma ya mwanafunzi au ubavuni mwake, hapo ndipo kosa linapoonekana. Akapiga, na mpira ukarudi nyuma. Nakwambia ulirudi nyuma! Ulinipita karibu na goti. Miaka kumi na tisa sijaona kitu kama hicho, nikampigia makofi. Akaniuliza, "Mwalimu, hilo ni kosa langu au la fimbo?" Nikamwambia tugawane nusu kwa nusu.

Kuhusu mikono, tutazungumza. Kula vizuri, nyoosha mgongo kila asubuhi. Kwenye kifurushi nimekutilia glavu mbili mpya.

Baba yako,
mwalimu wa wasiofundishika

*

Kambini, 8 Februari 1996

Baba, shikamoo, na shikamoo ya Mama.

Nimecheka habari ya Daktari mpaka Kinanda akaamka. Mwambie asione haya, mimi sasa ni dada yake. Tangu nigeuze mikono, mipira yangu inakwenda inakotaka yenyewe. Mmoja umeingia dirishani jikoni, ukatua ndani ya sufuria ya supu. Mpishi alitoka na mwiko mkononi akiuliza nani ameongeza yai.

Kwenye kusukuma mpira shimoni mimi bado ni wa kwanza kati ya wote kumi na wanne. Hapo mikono haibishani. Mbali na shimo, ni msiba.

Kifurushi kilifika Jumatatu. Kinanda akachukua glavu moja ajaribu, akahangaika nayo, mwishowe akauliza, "Hii ni ya mkono gani?" Ni ya mkono wa kulia, Baba. Wao wote huvaa glavu mkono wa kushoto, ule unaokaa juu. Mimi nimevaa ya kulia tangu nina miaka saba, na zote umeniletea wewe. Kwa hiyo hukusahau, wala hukupitiwa. Ulijua, ukaacha.

Kinanda anasema kwao baba yake aliwarekebisha kaka zake tu, kwa sababu msichana hatarajiwi kufika popote. Alisema bila ubaya, huku anasuka nywele. Lakini neno lile limekaa hapa kifuani, halipandi wala halishuki. Wewe si mtu wa hivyo. Nimejiambia mara mia kwamba si mtu wa hivyo. Basi ni kwa sababu mimi ni msichana? Nijibu kwa neno moja, ndiyo au hapana. Najua kwako kusema neno moja ni adhabu, lakini jaribu.

Mwanao

*

Nyumbani, 2 Machi 1996

Mwanangu, marahaba.

Nimechelewa, najua. Kwanza paa la duka lilivuja, nikashinda wiki nzima nikihamisha fimbo za watu kutoka pembe hii kwenda ile. Kisha kukawa na mashindano ya wanachama. Kisha pacha wa pili akafanikiwa kuling'oa lile jino zima, sasa tuna mapengo mawili nyumbani na furaha isiyo kifani.

Jibu lako: HAPANA. Nimeliandika kwa herufi kubwa ili usilipite.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa naongea kama fundi. Ukitaka kugeuza mikono, usianze na fimbo ndefu. Chukua fimbo fupi kuliko zote, piga mipira thelathini kwa umbali wa hatua ishirini tu. Kidole gumba cha kushoto kilale juu ya mpini, kisiegemee pembeni. Ufunike kwa kiganja cha kulia, taratibu, kama unavyofunika kifaranga. Usibane. Ukiona ngozi ya vidole inabadilika rangi, umebana. Siku ya nne ongeza hatua kumi. Usimsikilize mtu anayekuambia fanya haraka, hata mimi. Nimechora picha tatu nyuma ya karatasi hii. Mkono wa pili unafanana na kaa, nisamehe, lakini vidole ni vitano, nimehesabu.

Hiyo ndiyo dawa, na sijakuficha hata tone. Mengine yatakuja.

Baba yako

(Pembeni, kwa wino mwekundu:) Mwanangu, baba yako amechana barua sita. Nimeziokota kwenye kapu la taka, zote zinaanza vizuri kisha zinakatika. Jibu analo, ila analionea aibu. Nakuachia hili: kila Desemba anaagiza glavu mbili za mkono wa kulia, na Katibu akiuliza za nani, anamjibu kwamba ni za mwanachama mmoja wa shoto. Klabu ile haina mwanachama wa shoto hata mmoja. Usimwambie nimekuambia. – Mama

*

Kambini, 13 Machi 1996

Baba, shikamoo! Mama, shikamoo! Pacha, hongereni kwa mapengo!

Sina muda, tunaitwa uwanjani, lakini nisipoandika sasa nitapasuka. Nimepata!

Leo asubuhi mvua ilitufungia ndani, Kocha akatupeleka kwenye ukumbi wenye kioo kikubwa cha ukutani. Akasema kila mmoja ashike fimbo, ajitazame. Nikashika anavyotaka yeye, kushoto juu, kulia chini, kidole gumba kama ulivyochora kwenye kaa wako. Nikainua macho. Msichana wa kwenye kioo alikuwa ameshika mshiko WANGU. Kulia juu, kushoto chini. Nikapiga kelele, Kocha akanitoa nje dakika kumi.

Nikiwa nje, yote yakarudi. Lile gunia nililosimama juu yake ili viatu visilowe umande. Wewe mbele yangu na fimbo yako ndefu, mimi na kile kifimbo ulichonikatia, chenye uso wa kupigia upande mmoja tu, ule ule wa fimbo yako. Ulikuwa unasema, "Fanya kama mimi," nami nikashika kama wewe, Baba, kidole kwa kidole, ila ulikuwa umenielekea! Mkono wako uliokuwa juu ulikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Kumbe nilikuiga barabara. Sikukosea hata kidogo!

Lakini wewe ndiye uliyeniambia kwamba mwalimu husimama nyuma au ubavuni. Sasa ilikuwaje ukasimama mbele?

Mwanao (nimelowa)

*

Nyumbani, 20 Machi 1996

Mwanangu, marahaba.

Pacha wanakusalimu. Mama yako anakusalimu na amekaa mbele yangu, anasema safari hii nikichana karatasi nitalala dukani. Basi namaliza.

Ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuwa amepangiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo nilikupandisha kwenye baiskeli, tukafika klabuni kabla hata mkata nyasi hajawasha mashine. Tulikuwa na nusu saa yetu wawili. Somo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii lilikuwa hilo hilo: usimsimamishe mtoto mbele yako, atakuiga kinyume. Nililijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini nikisimama nyuma yako nilikuwa naona kisogo, na mimi, mwanangu, nilikuwa na siku nzima mbele yangu ya kutazama visogo vya watu. Nilitaka kuona uso wako.

Ukiinua fimbo ulikuwa unatoa ulimi. Ukipiga, kabla hujatazama mpira umekwenda wapi, ulikuwa unanitazama mimi kwanza. Halafu unacheka. Kila mpira.

Ulipotimiza miaka saba nikaona nimeharibu kazi. Nikakuhamishia ubavuni, nikageuza mikono yako, nikafanya kile ninacholipwa kukifanya. Ulipiga mipira sita, yote mizuri, na hukunitazama hata mara moja. Kesho yake nikakurudisha mbele, nikaagiza glavu za kulia. Hiyo ndiyo siri yote. Haihusiani na kuwa msichana. Sikuwahi kukuwekea mpaka wa kufika, hata siku moja. Ni choyo cha baba tu. Na tangu barua yako ya kwanza roho imekuwa juu juu, kwamba utaikosa nafasi yako kwa sababu nilipenda kukutazama. Nisamehe.

Sasa na mimi nina habari, tena kaa kitako!

Tangu Januari, kila alfajiri nimekuwa nikipiga kwa mshiko wako. Niliona kama nimekutia shimoni, angalau na mimi niingie nilione. Wiki ya kwanza nilijipiga kiatu. Wiki ya tatu mpira ukaanza kunisikia. Jumamosi iliyopita, kwenye mashindano ya wanachama, mbele ya Katibu, mbele ya kila mtu, mwalimu wao wa miaka kumi na tisa akasimama pale shimo la kwanza na mkono wa kulia juu. Katibu akamwagia suruali yake chai. Nikapiga. Mwanangu, mpira ulikwenda chini chini, umenyooka, upepo ukautafuta usiuone! Nimemaliza mashimo kumi na nane kwa mipigo sabini na tisa. SABINI NA TISA, kwa mikono ya kuazima! Daktari wa Meno alinikimbilia mbio, "Na mimi nifundishe hiyo!" Nikamwambia, Daktari, wewe kwanza tuhakikishe mpira unakwenda mbele.

Ukitaka kugeuza, njia nimekuchorea. Ukitaka kubaki, mshiko huo unafaa, nimeupima kwa mikono yangu mwenyewe. Mkono wa kushoto ukiwa chini haukubali kugeuka ovyo, na siku ya upepo huo ni ulinzi. Chagua mwenyewe. Mimi safari hii niko nyuma yako, panapostahili kukaa mwalimu.

Baba yako

*

Kambini, 31 Machi 1996

Baba, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Mwambie Mama akae. Waambie pacha waache wanachovuta. Kisha soma kwa sauti, ukiwa umesimama.

Siku ya kwanza ya mchujo nilicheza kwa mikono ya Kocha, mipigo themanini na tatu. Siku ya pili, themanini na moja. Nikawa wa tisa, nyuma ya wa nne kwa mipigo saba. Nilikuwa nimeshazitia nguo zangu begini. Barua yako ilichukua siku kumi njiani, na mlinzi alinikabidhi jana asubuhi, siku ya tatu, nikiwa nafunga kamba za viatu. Nikaisomea pale pale, kiatu kimoja wazi. Nililia kwenye habari ya visogo, nikacheka kwenye suruali ya Katibu, na Kinanda hakuelewa anipe leso au maji.

Kulikuwa na upepo, Baba. Bendera za mashimoni zilikuwa zimenyooka kama ubao. Nikamfuata Kocha, nikavaa glavu ya kulia mbele ya macho yake.

"Leo nacheza kwa mikono ya nyumbani," nikamwambia.

"Nilisema nitakufuta."

"Najua. Nifute ukishaniona."

Akazitazama bendera. Akaitazama glavu. "Nenda," akasema, "zamu yako inaitwa."

Kila niliposimama kwenye mpira, nilikuwekea nafasi mbele yangu, pale pale ulipokuwa unasimama. Nikapiga, nikakutazama wewe kwanza, ndipo nikatazama mpira umekwenda wapi. Watu wamedhani nina wazimu. Wenzangu walikuwa wanapiga juu na upepo unawachukulia mipira mpaka vichakani. Wangu ulipita chini chini kama ulivyosema. Shimo la kumi na nane nilikuwa na hatua nane za kusukuma. Uliingia!

Sabini na moja! Nimemzidi aliyekuwa wa nne kwa mpigo mmoja. Kinanda wa kwanza, mimi wa nne. Ninapanda ndege, Baba!

Kocha alihesabu kadi yangu mara mbili, akaigeuza, akahesabu mara ya tatu. Kisha akaushika mkono wangu, akautazama.

"Nimeona mishiko mibaya maisha yangu yote," akasema, "lakini huu umetia fora. Usiuguse."

Na wewe usiniombe msamaha. Nilikuwa nakutazama wewe kwanza kwa sababu mpira haukuwa unacheka. Siku ile uliponihamishia ubavuni naikumbuka pia. Nilidhani nimekukosea kitu, kwa hiyo sikuthubutu kukuangalia. Kesho yake uliponirudisha mbele nilijua yamekwisha.

Tunaondoka tarehe kumi na mbili. Tarehe kumi na moja wazazi wanaruhusiwa kuja kututazama tukifanya mazoezi. Wamewawekea viti nyuma yetu, nyuma ya kamba. Wewe usikae huko. Nimemwomba Kocha, amekubali. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wengine wote, njoo usimame mbele yangu.

Unakuja, huji? Nijibu kwa neno moja. Moja tu, Baba. Usianze.

Mwanao,
Kifungua Mimba

*

SIMU YA MAANDISHI
5 Aprili 1996

NAKUJA NAKUJA NAKUJA NAKUJA

BABA